Beji ya Mapigano Haimo kwenye DD-214 Yako: Namna ya Kuidai

Kasoro hii kwa kawaida hugunduliwa wakati mbaya. Mtu alivua sare miaka sita iliyopita, sasa anajaza madai ya VA, wizara ya wanajeshi wa zamani, au anaomba kazi serikalini. Anafungua DD-214, hati yake ya kuacha jeshi, anashuka hadi sanduku la 13, anasoma orodha ya nishani mara ya kwanza, mara ya pili, na ile Combat Action Badge (CAB), beji ya mapigano, haipo. Army Service Ribbon ipo, ambayo hupewa kila aliyemaliza mafunzo. Ile ya jasho ndiyo iliyopotea.

Maelezo haya ni ya wasemaji wa Kiswahili waliotumikia jeshi la Marekani, wawe leo Dallas, Minneapolis, Eldoret au Goma. Mpango wa MAVNI, ulioidhinishwa 2008 na kusimamishwa 2016, uliandikisha wageni wanaojua lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Wengine waliingia na green card kwa njia ya kawaida. Tutatumia zaidi mfano wa jeshi la nchi kavu na beji yake ya CAB. Matawi mengine tutayagusa pale yanapotofautiana.

Ilitolewa ikapotea, au haikutolewa kabisa?

Maombi mengi hufia hapa, kwa kuwa haya ni magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake. Kama beji ilitolewa kihalali lakini karani aliyeandaa DD-214 hakuiona, unachotaka ni marekebisho ya karatasi, na kazi hiyo ni nyepesi. Kama haikutolewa kamwe, unaomba beji yenyewe upya, na hapo lazima uthibitishe tukio. Anayeomba marekebisho wakati hakuna kilichotolewa hurudishiwa barua ya mistari mitatu. Anayejenga faili zima la ushahidi wakati amri imelala kwenye faili lake hupoteza mwaka bure.

Kinachoitoa beji ni karatasi moja yenye kichwa PERMANENT ORDERS. Itazame namba yake: sehemu ya kwanza ni siku ya mwaka, ya pili ni mfuatano wa amri za siku hiyo. Amri namba 123-04 ni ya nne katika siku ya 123, yaani tarehe 3 Mei kwa mwaka wenye siku 365. Hili lina faida: ukikumbuka beji ilitoka kama mwezi wa tano, unaweza kumwambia karani wa S-1, ofisi ya karatasi za kikosi, atafute amri zinazoanzia 121 hadi 151, badala ya kumwomba apekue mwaka mzima.

Kuvishwa beji kwenye gwaride si ushahidi kwamba amri iliandikwa. Kuna makamanda waliowabandika watu beji wiki ya mwisho kabla ya kupanda ndege, wakisema karatasi zitafuata, na karatasi hazikufuata. Picha ya siku hiyo itakusaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya amri.

Soma DD-214 mpaka chini

Hakikisha kwanza una nakala ndefu, ile iliyoandikwa MEMBER-4 pembeni chini. Nakala fupi ya MEMBER-1 imeondolewa sehemu ya chini na ofisi nyingi haziitaki. Kisha, kabla hujalalamika kuhusu sanduku la 13, nenda sanduku la 18 la maelezo ya ziada. Nishani zikizidi nafasi, orodha huendelea huko, imebanwa katikati ya sentensi za siku za likizo na tarehe za kuwa Kuwait au Afghanistan. Si mara moja mtu ameshangaa kukuta beji yake imo humo.

Ukiwa hapo hapo, angalia kama sanduku la 18 linataja nchi ya vita na tarehe za kuingia na kutoka. Kama nchi haimo, una kasoro mbili, na ya nchi ndiyo ya kurekebisha kwanza, kwa sababu hakuna atakayeamini mapigano ya mahali ambapo karatasi inasema hukufika.

Waliotumika National Guard au Reserve waangalie zaidi. Kila wito wa kwenda vitani ulizaa DD-214 yake, na fomu ya NGB 22, ya kuondoka National Guard, ni jambo jingine kabisa. Beji inaweza kuwa kwenye DD-214 ya safari ya kwanza na ikakosekana kwenye ya pili.

Agiza faili lote

Usiagize DD-214 tena, hiyo unayo. Agiza faili kamili la utumishi, ambalo jeshini huitwa OMPF. Njia ni tovuti ya archives.gov/veterans, au fomu ya SF-180 inayotumwa kwenye kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri. Mwenye akaunti ya milConnect, tovuti ya kumbukumbu za wanajeshi, anaweza kuliomba humo na kulipakua. Mwanajeshi wa zamani halipi chochote kwa huduma hii. Anayekutoza dola 80 kukutafutia DD-214 anakuuzia maji ya mvua.

Mfano wa uzembe unaochelewesha watu: kwenye SF-180 mtu anatia alama kwenye DD-214 peke yake, halafu analalamika kwamba hakuletewa amri za nishani. Andika waziwazi unataka faili zima, na utie saini. Ombi lisilo na saini hurudi.

Faili likifika, chambua vitu hivi. Amri za kudumu zote, hata zisizotaja jina lako ukurasa wa kwanza, kwa sababu amri moja inaweza kubeba majina arobaini na lako likawa ukurasa wa tatu. Muhtasari wa utumishi, ERB, wenye sehemu ya nishani. Mara nyingine beji imo humo na haimo kwenye DD-214. Tathmini zako za mwaka, kama ulikuwa sajenti. Na fomu za DA 638 za nishani nyingine ulizopata, kwa sababu mtu aliyekupendekezea Army Commendation Medal huenda aliandika kwenye sababu zake kwamba ulijibu mashambulizi ya adui tarehe fulani. Maandishi hayo, yaliyoandikwa na mkubwa wako wakati ule ule, yana uzito kuliko barua kumi za leo.

Faili la matibabu ni jingine, na kwa walioacha jeshi miaka ya karibuni aghalabu liko VA. Liagize pia. Humo kuna fomu ya DD 2796, ile uliyojaza ukitoka vitani huku ukiwaza kulala tu. Inauliza kama ulikuwa karibu na milipuko, kama uliona watu wakiuawa, kama ulifyatua silaha yako. Ukijaza ndiyo siku ile, umejitengenezea shahidi. Ukijaza hapana ili usizuiwe kurudi nyumbani, jambo walilolifanya wengi, jiandae kulieleza, maana msomaji wa faili lako ataliona.

Kama unamsaidia baba mkwe Mmarekani wa vita vya Korea, jua kwamba moto wa 12 Julai 1973 pale St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya mafaili ya wanajeshi wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960. Kituo hujaribu kuyajenga upya kwa kumbukumbu nyingine, kama za malipo ya mwisho. Kipe kituo kila karatasi iliyobaki nyumbani.

Je, ni beji uliyostahili?

Uliza hili kwa ukali kabla wengine hawajakuuliza.

CAB ilianzishwa 2 Mei 2005 na inarudi nyuma hadi 18 Septemba 2001 tu. Aliyepigana Ghuba mwaka 1991 haipati, hata angekuwa ndani ya kifaru kilichopigwa. Haibagui fani: dereva, mpishi, fundi magari, wote wanaweza. Lakini lazima uwe ulikuwapo wewe mwenyewe, ukimshambulia adui au ukishambuliwa naye, ukafanya kazi yako ipasavyo kwa kanuni za mapigano, katika eneo lenye malipo ya hatari. Na usiwe katika kikosi na fani ambayo tukio lile lingekupa beji ya askari wa miguu au ya mganga.

Combat Infantryman Badge, ya mwaka 1943, ni ya askari wa miguu na Special Forces wenye fani hiyo na waliopangwa kwenye kikosi cha aina hiyo. Dereva wa malori aliyeazimwa kwa kikosi cha miguu na akapigana bega kwa bega nao hastahili CIB. Inauma, ila ndiyo kanuni. Yeye aombe CAB. Combat Medical Badge ni ya waganga waliofuatana na vikosi vitani. Navy na Marine wana Combat Action Ribbon (CAR), iliyoanzishwa 1969 na kurudishwa nyuma hadi 7 Desemba 1941; Coast Guard wana yao. Air Force wana medali yao ya 2007 inayoanzia 11 Septemba 2001.

Ombi la CAB linalokataliwa sana ni la kombora la mota lililoanguka kambini. Kuwa ndani ya kambi iliyopigwa hakutoshi. Swali ni ulikuwa umbali gani na mlipuko, na kama ungeweza kudhurika kweli. Aliyekuwa mita 40 akajitupa chini nyuma ya ukuta wa zege ana hoja. Aliyesikia king'ora akiwa upande wa pili wa kambi, kilomita moja mbali, hana, na ni afadhali asijaze fomu.

Eneo la malipo ya hatari thibitisha kwa hati zako za mshahara, LES. Malipo hayo yalikuwa dola 225 kwa mwezi, na tangu Februari 2012 yale ya hatari inayonyemelea huhesabiwa kwa siku, dola 7.50. Mstari huo mmoja unaonyesha mwezi na unasema jeshi lenyewe lilikubali kwamba ulipo palikuwa hatari. Una umuhimu zaidi kwa waliopigwa nje ya Iraq na Afghanistan. Shambulio la al-Shabaab kwenye uwanja wa Manda Bay, Lamu, tarehe 5 Januari 2020, lilikuwa ardhi ya Kenya, na msomaji wa faili asiyejua ramani atauliza Lamu ilihusikaje na vita.

Amri ikipatikana

Hapa kazi ni fupi. Andika barua ya ukurasa mmoja: jina, namba ya utumishi, tarehe za DD-214, na sentensi inayosema beji fulani iliyotolewa kwa amri namba fulani ya tarehe fulani haimo kwenye sanduku la 13. Ambatisha nakala ya amri na ya DD-214. Kwa wa nchi kavu hupelekwa ofisi ya rasilimali watu ya jeshi, Fort Knox, Kentucky. Navy ni Millington, Tennessee. Marine ni Quantico, Virginia. Air Force ni San Antonio, Texas. Utakachopokea ni DD-215, karatasi ndogo ya marekebisho. DD-214 yenyewe kwa kawaida haiandikwi upya, kwa hiyo usiikatae DD-215 ukidhani umepunjwa.

Amri isipopatikana: kuandaa faili la ombi

Aliye bado kazini hupitishia ombi kikosini kwa fomu ya DA 4187. Aliyeondoka hupeleka Fort Knox mwenyewe, na vinavyotakiwa ni amri za kwenda vitani, DD-214, muhtasari wa utumishi, maelezo ya tukio yasiyozidi ukurasa mmoja, uthibitisho wa mkubwa wako wa wakati ule, na ushahidi wowote wa siku ile.

Maelezo ya tukio ndiyo moyo wa faili, na ndiyo watu huyaharibu. Chagua tukio moja. Si matatu, si "kila wiki". Beji haitolewi mara mbili kwa kipindi kile kile, kwa hiyo matukio ya ziada hayakuongezei kitu. Yanaongeza tarehe za kukosea tu.

Maelezo mabovu husema: Tulikuwa tukishambuliwa mara kwa mara na maisha yetu yalikuwa hatarini kila siku. Hapo hakuna cha kuhakiki.

Maelezo mazuri, ambayo bila shaka utayaandika kwa Kiingereza, hubeba mambo ya namna hii: Tarehe 14 Agosti 2011, saa 2040 za Afghanistan, nilikuwa mpiga bunduki wa gari la tatu kati ya manne. Bomu la kutegwa lililipuka kulia kwa gari la pili, mita kama 30 mbele yangu. Risasi zikaanza kutoka kwenye ukuta wa shamba upande wa magharibi. Nilijibu kwa M240, takriban risasi 150, mpaka sajenti wa gari aliposema acha. Dereva wa gari la pili aliumia mkono akaondolewa kwa helikopta.

Ona kila sentensi inavyofungua mlango wa kuhakiki: msafara una kumbukumbu, majeruhi ana fomu yake, helikopta ina ombi lake.

Sasa mitego inayotunasa sisi wa Kiswahili zaidi ya wenzetu. Wa kwanza ni saa. Kichwani mwako tukio lilitokea saa mbili na dakika arobaini usiku. Ukiandika 0240, umelipeleka karibu na alfajiri, na ripoti ya kikosi ya 2040 haitalingana na wewe. Ongeza au punguza sita, kisha usome tena. Ripoti nyingi pia zimeandikwa kwa saa ya Zulu, yaani ya Greenwich. Afghanistan iko saa nne na nusu mbele, kwa hiyo 2040 ya huko ni 1610 Zulu. Iraq iko saa tatu mbele, sawa na Nairobi, isipokuwa miezi ya kiangazi hadi 2007 ilipokuwa nne.

Wa pili ni siku. Usiku wa kuamkia tarehe 15 kwetu unaanza jua linapozama tarehe 14. Kwa jeshi, saa tano usiku huo bado ni tarehe 14, na saa saba usiku ni 15. Rafiki yako shahidi anayefikiri kwa Kiswahili anaweza kuandika tarehe moja na wewe nyingine, na nyote mkawa wakweli.

Wa tatu ni mpangilio wa tarehe. 03/04/2010 kwetu ni tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni nne Machi. Andika mwezi kwa herufi: 03 APR 2010.

Wa nne, na mkubwa kuliko yote, ni jina. Wengi waliandikishwa kwa majina matatu ya pasipoti, la babu likageuka jina la ukoo, halafu wakabadilisha jina siku ya kuapishwa uraia. Amri ya beji inaweza kuwa imekaa chini ya jina la zamani, na anayetafuta kwa jina jipya akajibu kwamba hakuna kitu. Ambatisha hati ya uraia yenye badiliko la jina, au amri ya mahakama, na juu ya kila barua andika jina la sasa pamoja na lile ulilotumikia nalo, kwa tahajia ile ile ya DD-214, hata kama karani wa uandikishaji alikosea herufi.

Ushahidi wa siku ile

Mali bila daftari hupotea bila habari, na vikosi kadhaa vya Iraq na Afghanistan vilirudi bila daftari: kompyuta zilifutwa, kumbukumbu hazikukabidhiwa. Tafuta mapema, na tafuta pengi.

Kwanza ripoti za matukio makubwa, ambazo askari huziita SIGACT. Ziombe kwa sheria ya uhuru wa habari, FOIA, kutoka CENTCOM, kamandi ya Marekani inayosimamia Mashariki ya Kati, ukitaja kikosi, tarehe, jina la kambi, na kama unayo, namba ya gridi ya ramani. Eneo la Baghdad huanza na 38S MB. Sheria inasema siku 20 za kazi. Usihesabu hivyo, hesabu miezi. Usichukue ripoti iliyovuja mtandaoni ukaibandika kwenye ombi lako, hata kama ina tukio lako neno kwa neno. Kama bado ni ya siri umejitia matatani, na ofisi haiwezi kuitumia. Omba nakala rasmi, hata ikija na mistari meusi. Tarehe na kikosi mara nyingi hubaki.

Kisha shajara ya zamu ya kikosi, fomu ya DA 1594. Kadi ya majeruhi ya mwenzako, kwa ridhaa yake. Karatasi yako ya uchunguzi wa mtikisiko wa ubongo baada ya mlipuko. Amri ya CAB ya mwenzako wa gari lile lile kwa tukio lile lile: hii ni dhahabu. Kama watu watatu wa gari walipewa na wewe wa nne hukupewa kwa sababu ulikuwa likizo wiki ya karatasi, ombi lako limejiandika lenyewe. Barua pepe uliyomtumia mkeo usiku ule nayo haidharauliwi, ikiwa na tarehe yake.

Mashahidi

Wawili waliokuwapo wanatosha kuliko sita waliosikia. Mke, kaka na mchungaji hawafai, kwani hawakuwapo. Anayefaa zaidi ni kamanda au sajenti wako wa wakati ule, awe amestaafu au la.

Kila shahidi aandike kwa maneno yake: cheo na kazi yake siku ile, alisimama wapi, aliona nini kwa macho, wewe ulikuwa wapi. Barua mbili zinazofanana sentensi kwa sentensi huzaa shaka papo hapo. Kwa hiyo usimtumie shahidi barua uliyokwisha kuiandika. Ujumbe wa namna hii kwa Mkenya mwenzako unatosha: "Kaka, za siku nyingi. Naomba ile CAB ya siku ya convoy ya Agosti 2011. Niandikie unachokumbuka wewe, usiniulize mimi nakumbuka nini. Weka cheo chako cha wakati ule na gari ulilokuwamo. Usichokumbuka kiache."

Huhitaji kumtafuta wakili wa kugonga muhuri. Sheria ya shirikisho inaruhusu tamko lililotiwa saini na tarehe, likisema yaliyomo ni ya kweli chini ya adhabu ya kusema uongo. Aliye nje ya Marekani, tuseme amerudi Kisumu, aongeze kwamba anatamka chini ya sheria za Marekani. Bila maneno hayo tamko lake lina kasoro.

Ikikataliwa

Itunze barua ya kukataliwa. Ndiyo tiketi ya hatua inayofuata, kwa sababu bodi ya marekebisho ya kumbukumbu haipokei mtu ambaye hajamaliza njia za kawaida. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake, Navy na Marine wana yao, Air Force yao, na Coast Guard iko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Fomu ni DD 149.

Muda ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Ukipita, bodi inaweza kusamehe kwa maslahi ya haki, lakini ombi lisilosema neno kuhusu kuchelewa linajichongea. Eleza kwa mistari minne ulijua lini na kwa nini si mapema.

Bodi huanza kwa kudhani kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kwa hiyo usipeleke faili lile lile lililokataliwa Fort Knox. Soma barua ya kukataliwa inalalamikia nini, uzibe tundu hilo hasa. Kama ilisema umbali haujulikani, leta mchoro wenye mita na shahidi aliyepima kwa macho. Bodi ikipata ushauri kutoka ofisi nyingine, utaletewa nakala na siku za kujibu zimetajwa. Jibu, hata kwa nusu ukurasa. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10 na yote ndani ya 18. Maamuzi yaliyopita, bila majina, yamewekwa wazi kwenye tovuti ya bodi. Soma matano ya CAB yaliyokubaliwa na matano yaliyokataliwa kabla hujaandika la kwako.

Mbunge wako wa Congress anaweza kuuliza faili limefika wapi ukimsainia fomu ya ruhusa ya siri zako; hawezi kuamua. Nafasi yake halisi ni kwa nishani za ushujaa, kama Bronze Star yenye herufi V, ambazo muda wa kupendekezwa umekwisha: hapo ombi hupitia kwake chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za majeshi. Vyama vya wanajeshi wa zamani vya American Legion, VFW na DAV husaidia bila malipo.

Wakati unasubiri

Usizuie madai yako ya VA kwa kusubiri beji. Kwa PTSD, yaani maradhi ya akili yanayotokana na kiwewe, kanuni ya 2010 inakubali hofu ya mashambulizi ya adui bila nishani, kama daktari wa VA anathibitisha na ulipokuwa panalingana na madai. Beji ikija inarahisisha, kwani CAB, CIB, CAR na Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani, huchukuliwa kama uthibitisho wa mapigano. Leo hii peleka kusudio la kudai, ambalo hushikilia tarehe yako mwaka mmoja. Tarehe hiyo ina pesa ndani yake.

Wala usiivae wala kuitaja kwenye CV kabla ya amri. Sheria ya 2013 kuhusu ushujaa wa uongo inazitaja beji hizi, na kuzidai kwa ulaghai ili kupata kazi au pesa ni kosa la jinai.

DD-215 ikifika, isome herufi kwa herufi, hasa jina na tarehe ya DD-214 inayoirekebisha. Ibane pamoja na DD-214, zipige picha ukurasa baada ya ukurasa, na zote mbili zipeleke VA pamoja, kwa sababu karani akipokea DD-214 peke yake atasoma sanduku la 13 la zamani.